Kompresa ya njia tatu kwenye umeme wa nyumbani: ya kijiweni na ya kibaoni

Kompresa za mtumba zenye mota ya njia tatu mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu kuliko zinavyostahili, kwa sababu nyumba nyingi zina umeme wa njia moja. Mwenye karakana ndogo uani, anayejaza upepo matairi na kupiga rangi milango, anaiona kompresa ya hp 3, tangi zima, kichwa cha pistoni mbili, na muuzaji anamwambia: "Fundi atakuungia tu." Kuungwa kunawezekana. Tabu iko kwenye hiyo "tu". Hapa chini ni maneno ya kijiweni, kila moja na jibu lake.

"Unga waya mbili, ya tatu iache"

Hili ndilo linalounguza mota. Njia tatu ni waya tatu za moto ambazo mawimbi yake hayapandi kwa pamoja. Kila moja liko nyuzi 120 nyuma ya mwenzake. Kupokezana huko ndiko kunakozalisha sumaku inayozunguka ndani ya mota, na rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka, huifuata. Ukiipa mota njia moja, sumaku haizunguki, inapwita tu mahali pamoja. Mota itanguruma bila kuondoka, huku ikivuta ampea mara kadhaa ya zile zilizoandikwa kwenye kibao chake. Ukichelewa kuzima, harufu ya vanishi itakujulisha kwamba sasa unahitaji fundi wa kusuka mota.

Wapo wanaoapa kwamba wameiona ikizunguka. Hawasemi uongo. Mota isiyo na mzigo ukiipa mzunguko kwa kuvuta belti kisha ukawasha, huendelea upande uleule ulioisukumia. Ifunge kwenye kompresa sasa: presha inapanda, mota inalemewa, koili zinachemka. Kuhusu kuweka vidole karibu na puli wakati swichi inawashwa, sina la kuongeza.

"Weka transfoma ipande hadi 400"

Volti zitapanda. Njia itabaki moja.

"Kapasita inatosha, mbona kwa jirani inafanya kazi"

Muulize jirani ameifunga kwenye nini. Kwa feni au jiwe la kunolea, kapasita (kikopo kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi) inatosha kweli. Muungano huo umepewa jina la Charles Steinmetz, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1865 na kufanya kazi General Electric kule Marekani. Kipimo ambacho mafundi huanzia ni mikrofaradi 70 kwa kila kilowati, kwa umeme wa volti 230 na hezi 50. Kapasita inasogeza wimbi na kupata njia ya tatu ya kuigiza, na mota inazunguka. Ila inabaki na kama asilimia 70 ya nguvu zake, na nguvu ya kuondokea hushuka hadi theluthi moja hivi.

Kompresa ya pistoni inadai nguvu nyingi palepale inapoondoka, na inadai tena kila presha inaposhuka na swichi ikawasha upya. Ukiongeza kapasita ya kuwashia utapata msaada, lakini ni lazima ikatwe baada ya sekunde chache, la sivyo yenyewe ndiyo itakayounguza koili. Halafu kuna umeme wetu wa jioni. Nguvu ya kuzungusha hushuka kwa mraba wa volti: volti 230 zikiwa 200, umebakiwa na asilimia 76 tu. Mota iliyoondoka vizuri asubuhi inaweza kugoma saa moja usiku, na fundi akaonekana tapeli bure.

Kabla ya kulaumu umeme, isikilize kompresa inapojizima. Inatakiwa itoe "tsss" fupi, ambayo ni upepo wa kwenye bomba la kichwa ukiachiwa. Usipoisikia, upepo huo unabaki ukikandamiza pistoni, na hata mota nzima kabisa itashindwa kuanza.

"Nunua VFD, umemaliza"

VFD, kile kisanduku kinachopokea njia moja na kutoa tatu, ndiyo njia ninayoipenda zaidi kwa mota ya hadi kilowati 2.2, yaani hiyo hp 3. Huiondoa mota polepole, na ule mshtuko wa kuwasha unaisha. Lakini hapana, hujamaliza. (Usiichanganye na inveta ya betri ya nyumbani, ambayo kwa kawaida hutoa njia moja vilevile.)

VFD ya kawaida ikipokea 230 hutoa 230, haitoi 400. Kwa hiyo kisome kibao kabla hujatoa hela. Kikiandika 230/400 (namba ya kwanza ni volti za mpangilio wa pembetatu, ya pili za nyota), una bahati: fungua kisanduku cha waya juu ya mota, toa vipande vya shaba kwenye mpangilio wa nyota (koili zote tatu zimekutana kwenye ncha moja), vipange kwa pembetatu (mwisho wa kila koili unaungwa na mwanzo wa inayofuata), na mota itapata volti zake kamili. Kikiandika 400/690, mpangilio wa pembetatu unataka 400. Ukiipa 230, nguvu ya kuzungusha inabaki kama theluthi moja. Mota za Ulaya zinazozidi kilowati 4 ndivyo zilivyo nyingi. Zipo pia zinazotoa waya tatu tu nje, nyota yake imefungwa ndani. Fundi wa kusuka anaweza kuitafuta na kutoa waya sita, akiwa na mkono mwepesi.

Kosa linalofuata ni la presha swichi. Mazoea ni kuiacha ikate umeme unaokwenda kwenye mota. Ukiweka VFD, swichi hiyo isikae kati yake na mota, kwa sababu kukata na kuunga katikati ya kazi kunaweza kuua transista zake. Iunge kwenye pini za kuamrisha, iwe inaiambia VFD "washa" au "zima" tu.

Wengine wakishapata kitufe cha mwendo huanza kuiendesha kompresa taratibu ili isipige kelele. Vichwa vingi vidogo hupata oili kwa kijiko kilicho chini ya konrodi, kinachoirusha juu. Mwendo ukishuka sana, oili haifiki, na feni ya mota nayo haipozi. Mimi sishuki chini ya nusu ya mwendo wa kibaoni.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: VFD ya kilowati 2.2 kwenye njia moja inaweza kudai zaidi ya ampea 20. Soketi ya ukutani ya ampea 13 haiiwezi. Vuta waya wake kutoka kwenye breka kuu, uwe na breka yake, na ethi ifike kwenye bodi ya mota. Ukizima, subiri dakika 10 kabla ya kufungua kifuniko, maana kapasita za ndani hubaki na umeme wa kutosha kukudhuru.

"Njia tatu inapunguza bili"

Mita inahesabu uniti, na kazi ileile hula karibu uniti zilezile. Kinachopungua ni ampea kwa kila waya.

"Inazunguka kinyume, imeharibika"

Badilisha waya mbili zozote kati ya tatu. Kompresa ya pistoni hujaza upepo hata ikizunguka kinyume, na ndiyo maana kosa hilo hukaa miezi bila kugunduliwa: gurudumu lake kubwa ndilo feni, na sasa halikipozi kichwa ipasavyo. Fuata mshale uliochorwa.

"Mota ya njia moja haiwezi kompresa kubwa"

Kwa hp 2 au 3 inaweza, na mara nyingi kuinunua na kuuza ile ya zamani ni nafuu kuliko ujanja wote huo. Ikifika kilowati 5.5, omba tu umeme wa njia tatu. Ukibadilisha mota, linganisha unene wa shafti na mizunguko. Kama ya zamani ilikuwa ya mizunguko 1,440 kwa dakika nawe ukaleta ya 2,880 na kuacha puli ileile, kichwa kitakwenda mara mbili ya mwendo wake. Puli ya mota hiyo mpya iwe na nusu ya kipenyo cha ile ya kwanza.