Je, wajua? Mtoto wa Kigogo akilelewa na Wasandawe atapiga vidoko kama wao

Chukua mtoto mchanga wa Kigogo kutoka Mpwapwa, alelewe na familia ya Kisandawe kule Kwa Mtoro, wilayani Chemba. Akifika miaka mitano atakuwa anapiga vidoko, zile sauti za ulimi kubanduka ghafla kwenye meno au kaakaa, sawa na watoto wenzake. Mama aliyemzaa atajaribu na kushindwa.

Kanda ya Kati ya Tanzania inaonyesha kuliko mahali pengi duniani kwamba mtoto hujifunza lugha ya wanaomlea, harithi ya waliomzaa. Kigogo na Kirangi ni vya Kibantu, Kiburunge ni cha Kikushi, Kitaturu cha Singida ni cha Kiniloti, na Kisandawe hakimo katika kundi lolote kati ya hayo. Hakuna jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyomo katika chembe za mwili, ya Kigogo wala ya Kisandawe. Mtoto wa miezi michache husikia tofauti za sauti za lugha yoyote. Anapokaribia mwaka mmoja, sikio lake huanza kuegemea lugha za nyumbani.

Kinachorithiwa ni uwezo wenyewe. Huko London kulikuwa na familia ambayo karibu nusu ya watu wake, kwa vizazi vitatu, walitatizika kusema. Midomo na ulimi havikufuatana ipasavyo, maneno marefu yaliwakatikia njiani, na sarufi pia iliwasumbua. Mwaka 2001 watafiti walikuta chanzo: herufi moja tu ya maagizo hayo imebadilika kwenye jeni iitwayo FOXP2, katika kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 7.

Wengi waliiita “jeni ya lugha”. Jina hilo linapotosha. FOXP2 ni kama nyapara: kazi yake ni kuziwasha na kuzizima jeni nyingine. Hata panya na ndege wanayo. Protini yake kwa binadamu na kwa sokwe hutofautiana mahali pawili tu. Lugha hutegemea jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo.

Ndiyo maana inaniuma sana bibi akikatazwa kuzungumza Kigogo na mjukuu, eti lugha mbili zinamchelewesha. Lugha mbili hazileti ugonjwa wa usemi. Mtoto akifika miaka miwili bila kuunganisha hata maneno mawili, apelekwe hospitali, waanze kwa kumpima masikio.