Kabla ya kulipia ukumbi, toeni taarifa ya ndoa

Desemba inapokaribia, ofisi zinazosajili ndoa hupokea maharusi ambao ukumbi wao umelipiwa, kadi zimechapwa, MC ameshachukua malipo ya awali na sare za wasimamizi ziko kwa fundi. Taarifa ya kusudio la kufunga ndoa, hata hivyo, haijaandikwa, na siku zilizobaki ni kumi. Kamati imekaa vikao miezi kadhaa, imebishana kuhusu rangi ya mapambo na aina ya bia, lakini hakuna aliyeuliza ndoa itafungwa na nani na kwa karatasi zipi. Tunaomba maharusi wa Tanzania Bara na kamati zao wageuze mpangilio huo: karatasi zitangulie, pesa ya ukumbi ifuate.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku 21 au zaidi kabla ya siku ya ndoa. Taarifa hiyo hupelekwa kwa yule atakayeifungisha: kiongozi wa dini mwenye leseni kama ndoa ni ya kanisani au msikitini, au msajili kama ni ya kiserikali, ile ambayo wengi tunaiita ndoa ya bomani. Kisha inatangazwa hadharani ili mwenye pingamizi ajitokeze. Wanaofunga ndoa kanisani wanayajua matangazo yanayosomwa Jumapili mfululizo; yana kazi hiyo hiyo, nayo si desturi tupu. Ipo leseni maalum inayoweza kuwaondolea maharusi sharti la siku hizo, lakini imewekwa kwa ajili ya sababu nzito. Kuchelewa kwa sababu kamati ilikuwa inakusanya michango si sababu nzito.

Kwenye fomu ya taarifa mnaandika majina, umri, mahali mnapoishi, majina ya wazazi na hali yenu ya ndoa. Hapo kwenye hali ya ndoa ndipo kalamu nyingi husita. Mwanamume anaandika kwamba hajaoa, kisha maswali mawili matatu yanaonyesha kwamba ana mke waliyetengana miaka mingi, kila mmoja ana maisha yake. Kutengana hakuvunji ndoa. Hata talaka iliyotamkwa mbele ya wazee haitoshi peke yake, kwa kuwa kwa sheria yetu ndoa huvunjwa na mahakama. Aliyeachika aje na hati ya talaka ya mahakama, na aliyefiwa aje na cheti cha kifo. Ukiwa unaolewa na mtu aliyewahi kuwa na familia, omba kuziona karatasi hizo mapema, kabla hata ya kikao cha kwanza cha kamati. Ni haki yako, wala si dalili kwamba humwamini mwenzako.

Kama mwanamume tayari ana ndoa inayomruhusu kuongeza mke, taarifa inapaswa kusema hivyo. Mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi, kwa mfano akieleza kwamba kwa kipato cha mume ndoa nyingine itaitia familia kwenye dhiki. Aliyefunga ndoa ya Kikristo ya mke mmoja hana njia hiyo kabisa ndoa hiyo ingali hai.

Jambo la pili ni anayefungisha. Kuwa mchungaji, padri au shehe hakumpi mtu mamlaka hayo moja kwa moja. Anapaswa kuwa na leseni ya kufungisha ndoa. Makanisa madogo yamekuwa mengi, na wapo watumishi wenye nia njema wanaofungisha ndoa bila leseni. Muulizeni kwa heshima: "Mchungaji, leseni yako ya kufungisha ndoa tunaweza kuiona?" Mwenye leseni hakasiriki. Mkiwa na wasiwasi, ulizeni kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, au ofisi ya mkuu wa wilaya.

Umri nao tuuseme bila kuzunguka. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu binti wa chini ya miaka 18 kuolewa vinakiuka Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Na aliyeko shuleni, awe wa msingi au sekondari, analindwa pia na Sheria ya Elimu. Adhabu ya kumwoa inafika kifungo cha miaka 30. Kamati inayoombwa kuchangia harusi ya mtoto isichangie. Itoe taarifa.

Sasa pesa, ambako ndiko harusi nyingi hujeruhi watu.

Ahadi si fedha. Kila mweka hazina anajua hilo, lakini bajeti zetu huandikwa kana kwamba hajui. Tuchukue mfano wa kamati yenye ahadi za shilingi milioni 18. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, kwenye simu ya mweka hazina kuna milioni 10 na nusu. Kundi la WhatsApp limejaa "nipo kwenye mchakato" na "mwisho wa mwezi nawamaliza". Kamati inaendelea kupanga kwa milioni 18, na Jumatatu baada ya harusi wapishi na mwenye ukumbi wanampigia simu bwana harusi, si mwenyekiti. Wengine huziba pengo hilo kwa mkopo wa kausha damu, na mwaka wa kwanza wa ndoa unakwenda kwenye marejesho. Ushauri wetu: wekeni siku ya kufunga mahesabu, walau wiki tatu kabla, na siku hiyo bajeti ikatwe ilingane na fedha iliyopo mkononi. Mchango utakaoingia baada ya hapo uongezee, usiwe ndio msingi.

Anayekata bajeti aanze na idadi ya wageni. Mapambo na keki hupunguza kidogo, vichwa hupunguza sana. Kadi 120 za double ni watu 240. Ongeza wazazi na ndugu wasiodaiwa mchango, watoto ambao hakuna aliyewahesabu, kisha MC, wapiga muziki, wapiga picha, wapambaji na madereva, ambao nao watakula. Kwa sahani ya shilingi 20,000, watu 40 waliosahaulika ni shilingi 800,000, na pengo hilo linaonekana saa nne usiku wakati sinia zimekauka na meza za nyuma hazijafikiwa. Mpeni mtu mmoja kazi ya kuhesabu watu tu, asipewe nyingine.

Mikataba iandikwe, hata ukurasa mmoja. Andikeni kiasi kilicholipwa, kilichobaki, tarehe, saa za kuanza na kumaliza, na itakuwaje tarehe ikisogezwa kwa msiba au ugonjwa: fedha inarudi, inahamia tarehe mpya, au inapotea? Mwenye ukumbi aulizwe kama jenereta inabeba ukumbi mzima au taa tu, muziki unazimwa saa ngapi, mnaruhusiwa kuingia na vinywaji vyenu, na kama mpambaji lazima awe wake. Mpiga picha na wa video waandike siku watakayokabidhi kazi, kwa sababu picha za harusi zinazodaiwa mwaka mzima ni malalamiko ya kila siku. Risiti zikae kwa katibu, si kwa mtu aliyetumwa kulipa.

Tunasisitiza pia kwamba harusi ndogo ni harusi kamili. Ndoa ya bomani siku ya kazi, ikifuatiwa na chakula cha mchana cha watu 40 nyumbani kwa wazazi, ina uzito ule ule kisheria na ile ya ukumbi wa watu 600. Pilau iliyopikwa vizuri uani, kitenge kimoja kwa mashangazi wa pande zote mbili, shela la kukodi linalomkaa bibi harusi sawasawa: vitu hivi vinapendeza, nasi tunawapongeza wanaovichagua. Wanaotaka sherehe kubwa nao wasione haya, mradi fedha ipo. Send-off na harusi zinaweza kuunganishwa familia zikikubaliana, hasa pale nusu ya wageni wa siku moja ndio hao hao wa siku nyingine. Tarehe nayo ina uzito wake: Desemba kila kitu kinagombaniwa, wakati wa Kwaresima na Ramadhani wengi hawafanyi sherehe, na katikati ya mwaka kuna Jumamosi ambazo mwenye ukumbi yuko tayari kupunguza bei. Hata Ijumaa ulizeni.

Kuhusu mahari, wazazi watuelewe vizuri. Mahari ni mila yenye heshima, na mshenga ana kazi ya kuhakikisha makubaliano yanaeleweka kwa pande zote, ikiwezekana kwa maandishi yenye kiasi kilichotolewa na kilichobaki. Ila sheria inasema wazi kwamba ndoa haiwi batili kwa sababu taratibu za kimila za mahari hazikukamilika. Kumzuia binti asitoke ndani asubuhi ya harusi mpaka ng'ombe wawili waliobaki waletwe ni kumdhalilisha yeye, si mkwe. Na harusi ikivunjika kabla ya kufungwa, zawadi iliyotolewa kwa sharti kwamba ndoa itafungwa inaweza kudaiwa mahakamani. Kwa hiyo hata pete, samani au gari lililotolewa kwa matarajio hayo lisifanywe mali iliyokwisha kupokelewa.

Kitchen party tunaipenda. Shangazi na somo wanayo mengi ya kumfunda mwali, na seti za vyombo zina matumizi yake. Tunaomba mmoja wa wale akina mama wanaosimama kutoa nasaha azungumze pia juu ya mali: kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mumewe ya kupata, kumiliki na kuuza mali yake, kwamba alichokuwa nacho kabla ya ndoa kinabaki chake, na kwamba nyumba wanayoishi kama mke na mume haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Kwa upande wa wanaume, wazee waliomsindikiza kijana kwenye posa wamwambie maneno hayo hayo. Mkikusudia kununua kiwanja mwaka wa kwanza, pangeni sasa majina yatakayoandikwa kwenye hati.

Turudi kwenye siku yenyewe. Ndoa inahitaji mashahidi wasiopungua wawili, na katika haraka ya matarumbeta na msafara wa magari huwa kuna dakika chache tu za kusaini. Dakika hizo zisikimbizwe. Kabla ya kusaini, bibi na bwana harusi wasome kila herufi ya majina yao na walinganishe na vitambulisho vya Taifa na vyeti vya kuzaliwa. Neema aliyeandikwa Nema, Mohamed aliyekuwa Muhammad kwenye pasipoti, jina la babu lililorukwa: kosa la herufi moja huonekana dogo siku ile, kisha linakuja kuzuia viza, kumsajili mwenza kwenye bima ya afya, au mafao ya mjane ambaye hana nguvu ya kuzunguka maofisini. Kama majina yenu yanatofautiana kati ya karatasi moja na nyingine, yarekebisheni kabla ya kutoa taarifa ya ndoa. Kazi hiyo inaweza kuchukua wiki.

Ulizeni pia, kabla ya kuondoka, cheti mnakabidhiwa pale pale au lini, na kumbukumbu ya ndoa yenu itapelekwa lini kwa Msajili Mkuu. Waliofunga ndoa ya kimila, ambao hawakupitia kanisani, msikitini wala bomani, wana siku 30 za kuomba isajiliwe. Waende wote wawili, na mashahidi, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji itawasaidia kujitambulisha.

Kikao cha kuvunja kamati kikifika, mweka hazina asome mapato na matumizi mbele ya wajumbe, madeni yatajwe kwa majina na tarehe za kulipwa, na kilichobaki wakabidhiwe maharusi. Siku hiyo hiyo toeni nakala za cheti cha ndoa zilizothibitishwa, mbili au tatu. Moja ikae kwa wazazi wa mke, nyingine kwa wazazi wa mume, na cheti halisi mkiweke mahali ambapo nyote wawili mnapajua.