Je, wajua? Pampu ya vakyumu haifyonzi maji kwenye AC ya gari, huyachemsha

Kompresa mpya imefungwa, oringi zimebadilishwa, nati zote zimekazwa. Mshale wa geji ya bluu, ile ya upande wa presha ndogo, umefika chini ndani ya dakika tatu. Kwa nini basi fundi aiache pampu ya vakyumu ikiunguruma nusu saa nzima kabla ya kuingiza gesi?

Jibu linalozoeleka gereji nyingi za Dar es Salaam ni kwamba pampu inafyonza hewa na maji kama mrija kwenye dafu, kwa hiyo mshale ukifika chini, vyote vimetoka. Kwa hewa ni kweli. Kwa maji si kweli hata kidogo. Tone lililonasa kwenye kona ya evaporeta (ile radieta ndogo ndani ya dashibodi inayopoza hewa) halijaguswa na mrija wowote, na pampu haiwezi kulivuta likiwa bado maji. Litatoka likiwa mvuke tu, na ili liwe mvuke upesi, sharti lichemke. (Yale maji yanayodondoka chini ya gari AC ikiwaka ni jambo jingine: ni unyevu wa hewa uliogeuka matone nje ya evaporeta, wala haujawahi kuingia kwenye mabomba ya gesi.)

Lichemkeje bila moto? Hewa ina uzito, na hapa pwani uzito huo umeyakalia maji kama kifuniko cha sufuria kilichowekewa jiwe. Maji yakipata joto, mvuke wake hukisukuma kifuniko, na kwenye nyuzi 100 hupata nguvu ya kukiinua. Hapo ndipo tunasema yamechemka. Weka jiwe jepesi zaidi, yatachemka kwa moto mdogo. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, presha ya hewa ni karibu nusu ya ile ya Dar, na maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi; ndiyo maana maharage kule yangekaa jikoni siku nzima. Pampu ya vakyumu inaendelea na kazi hiyohiyo mpaka jiwe liondoke, kisha kifuniko chenyewe. Hapo joto la kawaida la jiji, nyuzi 30, linatosha kuwa jiko.

Ila kifuniko lazima kitoke karibu chote. Kwenye nyuzi 30, maji huchemka geji ikisoma takriban inchi 28.7 za zebaki chini ya sifuri, na mwisho kabisa wa geji usawa wa bahari ni 29.9. Kwenye inchi 27, hakuna kinachochemka. Kompresa ya friji iliyogeuzwa pampu, ikiwa imechoka, inaweza kukomea hapohapo, na fundi akaamini kazi imekwisha. Geji hiyohiyo ukiipeleka Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, itagota kwenye inchi 24 na nusu hivi hata pampu ikiwa mpya, maana kule jiwe la hewa ni jepesi tangu mwanzo.

Sasa muda. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke kwa presha hiyo, kwenye nyuzi 30, inajaza karibu lita 33. Tone moja dogo, sehemu ya 20 ya gramu, ni zaidi ya lita moja na nusu ya mvuke, na wote lazima upite kwenye mipira myembamba ya geji. Mvuke usipoondoka, maji yaliyobaki huacha kuchemka, kama nguo zisivyokauka kwenye kamba wakati wa masika kwa sababu hewa imeshashiba unyevu. Tena maji yanapochemka hupoa. Pampu yenye nguvu sana inaweza kuligandisha tone likawa barafu, nalo likatoka polepole mno. Kwa hiyo dakika 30 ndicho kiwango cha chini, na mfumo uliokaa wazi siku kadhaa unahitaji saa nzima.

Maji yakibaki, hujificha hadi gari liingie kwenye foleni. AC inapuliza baridi vizuri kwa robo saa, halafu upepo unageuka wa moto. Ukizima dakika kumi na kuwasha, baridi inarudi. Tone limeganda kwenye tundu jembamba la valvu ya ekspansheni, linalopitisha gesi kuingia evaporeta, likaziba, kisha likayeyuka. Ubaya mkubwa zaidi hauonekani: maji, gesi na oili kwa pamoja hutengeneza asidi, nayo huila kompresa mpya kutoka ndani.

Vakyumu nayo ina mipaka. PAG, oili ya kawaida ya kompresa za AC za magari, hunywa unyevu wa hewa kwa kasi na haiuachii kirahisi hata kwa pampu nzuri. Ndiyo maana vifuniko vya kompresa mpya havifunguliwi mpaka mabomba yawe tayari kufungwa, chupa ya oili haiachwi wazi, na draya (kichujio kinachonyonya unyevu) hubadilishwa kila kompresa inapobadilishwa. Vilevile mshale kutulia dakika 15 baada ya kufunga valvu hauthibitishi kwamba hakuna uvujaji. Vakyumu huvuta kwa presha moja tu ya hewa. Gari likitembea, upande wa geji nyekundu, ule wa presha kubwa, husukuma mara 15 ya hapo au zaidi. Naitrojeni ya psi 150 na povu la sabuni hupima vizuri zaidi. Upepo wa kujazia matairi usitumike kabisa, una unyevu wote wa Dar ndani yake.

Oili isikisiwe. Kompresa nyingi mpya huja na oili ya mfumo mzima. Mwaga oili ya kompresa ya zamani kwenye kikombe cha vipimo, kisha acha kwenye mpya kiasi hichohicho na mililita 10 hadi 20 za ziada kwa ajili ya draya. Ikizidi, hutanda ndani ya evaporeta na kuzuia baridi. Gari la haibridi lenye kompresa ya umeme linataka oili ya aina nyingine, POE. PAG huharibu uwezo wa kompresa hiyo wa kuzuia umeme kuvuja.

Gesi ya R134a hupimwa kwa mizani, kwa kufuata kibandiko cha chini ya boneti. Magari mengi madogo huchukua gramu 350 hadi 500, hivyo kopo la gramu 340 mara nyingi halitoshi na mawili huzidi. Injini ikiwaka, jaza upande wa bluu tu, kopo likiwa wima: ukiligeuza, gesi itaingia ikiwa kimiminika, na kompresa haiwezi kukandamiza kimiminika bila kuvunjika. Valvu nyekundu ikifunguliwa wakati huo, presha hurudi kwenye kopo na linaweza kupasuka. Kopo likipoa hadi kutoka jasho na gesi ikagoma, liweke kwenye beseni la maji ya vuguvugu, yasiyozidi nyuzi 40. Gesi iliyomo inachemka nayo, na imemaliza joto la kuchemkia.