Jina hili lifute, lile usiliguse

Juzi nilipewa mfumo endeshi niukague kabla haujatolewa. Ulijengwa juu ya distro nyingine (yaani Linux iliyofungashwa pamoja na programu zake, tayari kusakinishwa), na waliouunda, kwa kuogopa kesi ya jina, walitafuta jina la distro mama kwenye faili zote wakabandika la kwao. Zote! Hata juu kabisa ya msimbo, pale palipoandikwa hakimiliki ni ya nani na ya mwaka gani. Waliruka majivu wakakanyaga moto.

Hapa kuna sheria mbili, na hazisemi jambo moja. GPL, leseni ya kerneli (kiini) ya Linux, imesimama juu ya hakimiliki: nakili, badili, sambaza, hata uza, ila msimbo utoe kwa masharti yale yale na tangazo la hakimiliki liache lilivyo. Alama ya biashara haishughuliki na msimbo. Inamlinda mtumiaji asidhani kitu kimetoka kwa fulani kumbe sivyo. Unaweza kuitii GPL neno kwa neno na bado ukaandikiwa na mawakili.

Watengenezaji wa distro ya Debian waliyaona hayo mwaka 2006. Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, walitaka anayetumia jina hilo atumie na nembo yake, na viraka vyake, yaani marekebisho anayoyatia kwenye msimbo, viidhinishwe kwanza. Nembo ile haikuwa na leseni huria, na Debian haiweki kisicho huria kwenye hazina yake kuu. Tena wao hulitunza toleo moja kwa miaka, wakiziba matundu ya usalama; kila kiraka wakaombe ruhusa? Wakaiita Iceweasel. (Moto ukawa barafu, mbweha akawa kicheche. Kejeli tamu.) Jina la Firefox lilirudi Debian mwaka 2016 tu.

Wa distro ya CentOS nao walichukua msimbo wa kampuni ya Red Hat, wakaondoa nembo, na kwa muda tovuti yao ikamtaja mwenye msimbo kama muuzaji mashuhuri wa Linux wa Amerika Kaskazini. Kila mtu alijua ni nani.

Fedora, distro nyingine, wamemrahisishia kazi anayejenga juu yake: unaondoa kifurushi cha nembo zao, fedora-logos, unaweka generic-logos. Kisha pitia mwenyewe skrini ya kuwashia, picha za mandhari, kisakinishi na faili ya os-release, inayotaja jina la mfumo. Kusema "umejengwa kutokana na" distro fulani kwa kawaida hakuna ubaya, maana ni kweli.

Wale wa juzi niliwarudishia kazi. Matangazo ya hakimiliki wanayarejesha faili moja moja.