Udongo wa Kigoma unavyogeuka rangi

Mimi nachora kwa udongo, sio rangi za dukani, na kila nikisema hivyo naulizwa udongo upi sasa, maana kwa wengi udongo ni ule mwekundu unaochafua viatu masika. Ndo hapo naanzia darasa langu. Tunatoka Ujiji kwa miguu, kila mtu na kopo lake, simu mfukoni, natafutisha rangi tatu tu. Mwanzoni wanaona wekundu mtupu, afu mmoja anapiga kelele "mwalimu, huku kuna njano!" pembeni ya mtaro, na kuanzia hapo kuwarudisha nyumbani ni kazi.

Udongo unaanikwa, unatwangwa, unachekechwa (funga kitambaa puani, vumbi lile linaumiza mapafu), afu unakoroga na maji, mchanga unazama kwanza, yale maji ya tope unayamimina chombo kingine yalale usiku mzima, asubuhi chini unakuta tope laini kama uji wa mtoto. Hiyo ndo rangi.

Ninachokipenda kuliko vyote ni ule wa njano. Uweke kwenye kikaango cha zamani juu ya jiko la mkaa, koroga taratibu, utauona unageuka mwekundu hivi hivi. Zote mbili ni kutu ya chuma, ila ya njano imeshika maji ndani yake, moto ukiyatoa inabaki nyekundu. Watu wananyamaza kabisa wakiona. Ile michoro ya miambani Kondoa, iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, mingi yake ni wekundu wa kutu hiyo hiyo.

Sasa cha kushikizia, yaani kitu cha kuigandisha rangi kwenye mchoro. Nilianza na mawese, si tunayo tele huku, mchoro ukakaa wiki tatu bado unanata, kumbe mawese hayakauki kama mafuta ya kitani wanayotumia wachoraji, hata uyasubiri mwaka. Siku hizi natumia kiini cha yai, kijiko kwa kijiko na rangi, maji kidogo, na nachanganya ya siku hiyo tu maana kesho itanuka. Gundi ya mgunga iliyolowekwa nayo ni nzuri sana.

Chimba kopo moja, fukia shimo, kingo za mto usiziguse, zinabomoka.

Kuna mama kwenye darasa langu, njia ya mtaro ule kaipita miaka yote akienda sokoni. Juzi kaniletea udongo wa zambarau, sijawahi kuuona, na hataki kusema kautoa wapi mpaka twende wote.