Taa za dagaa, macho ya paka na mtoto anayepapasa magharibi: maswali kuhusu macho na mwanga

Jicho linanasaje mwanga?

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Seli zake zina kemikali zenye rangi, na mwanga ukizigusa hubadilika umbo. Badiliko hilo ndilo linalozaa ishara inayokwenda kwenye ubongo. Kemikali ya kuonea penye mwanga hafifu ni rodopsini. Ina sehemu mbili: opsini, protini ambayo mwili hujitengenezea, na retinali, inayotokana na vitamini A. Hii ya pili lazima ije na chakula.

Mwaka 1876 Mjerumani Franz Boll aliona kwamba retina ya chura aliyekaa gizani ni nyekundu, kisha hupauka ikipigwa na mwanga. Uhusiano wa rangi ile na vitamini A ulionyeshwa baadaye na George Wald wa Marekani, mmoja wa watu watatu waliogawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1967.

Tukiwa ziwani usiku, nikitazama taa ya dagaa halafu nikageukia giza, sioni kitu. Macho yameharibika?

Hapana. Mwanga mkali umeipausha rodopsini yako, na kujijenga upya kikamilifu huchukua kama nusu saa. Anayeangalia njia ya mtumbwi asiikodolee macho taa. Ukilazimika kuwasha tochi, mwanga mwekundu hafifu ni bora, kwa kuwa rodopsini karibu haiuhisi.

Mbona paka haoni shida?

Nyuma ya retina yake kuna tabaka linalorudisha mwanga, kwa hiyo mwanga uliopita bila kunaswa hupata nafasi ya pili. Ndiyo maana macho ya paka, mbuzi na mamba hung'aa ukiyamulika. Sisi hatuna tabaka hilo. Lakini penye giza totoro, hata paka haoni.

Wanyama wanaona rangi kama sisi?

Wachache. Binadamu tuna aina tatu za seli za kuonea rangi. Mbwa na ng'ombe wana mbili, na habari ya fahali kukasirishwa na kitambaa chekundu ni porojo. Ndege wengi wana nne. Nyuki haoni nyekundu, ila anaona urujuanimno, mwanga ambao kwetu haupo kabisa.

Mfano ninaoupenda zaidi tunao hapahapa, kwenye samaki waitwao furu wa Ziwa Viktoria upande wa Mwanza. Kuna furu wawili wa jamii moja wanaoishi kwenye miamba ya visiwa kama Makobe: *Pundamilia pundamilia*, ambaye dume lake ni la bluu na hukaa karibu na uso wa maji, na *Pundamilia nyererei*, aliyepewa jina la Mwalimu, mwenye dume jekundu na anayekaa chini zaidi. Maji ya ziwa letu humeza mwanga wa bluu upesi, hivyo kadiri unavyoshuka, unaobaki huelemea wekundu. Utafiti wa Ole Seehausen na wenzake wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa opsini za samaki hawa zinatofautiana kulingana na mwanga wa kina chao. Jike humchagua dume ambaye rangi yake anaiona vizuri, na hivyo koo mbili hukaa mbalimbali. Maji yakichafuka sana, rangi hazionekani, majike hukosea, na furu hao huchanganyika. Uchafu tunaoumwagia ziwa unafika hadi kwenye ndoa za samaki.

Mwanangu akifika magharibi anapapasa kuta na kujikwaa, lakini mchana anacheza vizuri. Nimpeleke wapi?

Kituo cha afya, na usingoje. Hiyo mara nyingi ndiyo dalili ya mwanzo ya upungufu wa vitamini A. Baadaye jicho hukauka, madoa meupe kama povu hutokea kwenye weupe wa jicho, na mwishowe kioo cha mbele huweza kuoza na upofu ukawa wa kudumu. Mtoto aliyetoka kuugua surua yuko hatarini zaidi. Dozi ya tiba hutolewa siku hiyohiyo, kesho yake, na tena baada ya wiki mbili. Msimtie majani wala maziwa ya mama machoni.

Walio na miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya kinga kila baada ya miezi 6. Kwetu ni Juni na Desemba.

Lakini sisi tunakula dagaa kila siku!

Vizuri, ila angalia wanavyoandaliwa. Vitamini A ya samaki wadogo hukaa zaidi kwenye macho na tumbo, na wengi wetu hunyofoa vichwa na kuvitupa kabla ya kukaanga. Jua la kuanikia nalo hupunguza kiasi. Ongeza matembele yaliyoungwa kwa mafuta, maembe, papai, mayai, na viazi lishe vya rangi ya chungwa. Michembe ya viazi vyeupe inashibisha, lakini kwa macho haina msaada.

Basi nile karoti nyingi nione kama paka?

Aliyetosheka na vitamini A haongezewi uwezo wa kuona kwa kula zaidi. Vidonge vya dozi kubwa usijinunulie, hasa ukiwa mjamzito, kwani vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na mtu mzima anayeona vibaya usiku apimwe macho kwanza: huenda ni mtoto wa jicho, haoni mbali, au ana ugonjwa wa retina wa kurithi, na kwa hayo kidonge hakisaidii.