Kugeuza shule ya kale kuwa nyumba: dirisha kwanza, vyumba baadae

Kazi yangu huku Uingereza ni kuchora ramani za kugeuza majengo ya zamani kuwa makazi, na wateja walionunua shule ya enzi za Malkia Victoria karibu wote huanza na swali moja, juu tutapata vyumba vingapi? Ngoja kwanza. Tuanze na dirisha.

Baada ya sheria ya elimu ya 1870 shule zilijengwa kwa fujo, kule London msanifu E.R. Robson ndo alikuwa kinara na mwaka 1874 akatoa kitabu kizima kuhusu usanifu wa shule. Madarasa yalikuwa yamejaa watoto na umeme haupo, so mwanga wa jua ndo kila kitu, ikiwezekana uingilie kushoto ili mkono unaoandika usitie kivuli kwenye kazi ya mtoto. Dirisha linaanzia juu kidogo aliyekaa asichungulie nje, halafu linapanda mpaka karibu na dari, maana mwanga wa juu ndo unaofika mbali ndani.

Sasa mtu anapitisha sakafu ya ghorofa katikati ya dirisha hilo! Chini giza, juu kioo kinaanzia miguuni, na ukisimama nje unaona ubavu wa sakafu umekata dirisha vipande viwili. Inaniuma kweli. Mimi narudisha sakafu nyuma kama mita mbili toka dirishani, chumba kimoja kinapungua sawa, ila mwanga unashuka mpaka chini kama alivyotaka aliyejenga.

Zile fimbo za chuma kwenye kenchi msizikate eti zinazuia njia, ndo zimeshika kuta zisisukumwe nje na paa.

Na ukuta jamani, tofali kwa chokaa, unanyonya mvua kisha unakauka wenyewe. Fundi akiziba viungo kwa simenti maji yanatafuta njia kupitia tofali, baridi ikiyagandisha, uso wa tofali unabanduka. Nyumba za mawe na chokaa pale Mji Mkongwe Zanzibar nazo simenti inazitesa kwa kuzuia unyevu usitoke, ingawa huko hakuna baridi ya kugandisha.

Jengo likiwa kwenye orodha ya urithi, hata kuhamisha ukuta wa ndani kunaweza kuhitaji kibali, na ukifanya bila kibali ni jinai, kwa hiyo nendeni halmashauri kabla hamjamlipa fundi hata senti.